Tisa na Vitu Vyake

Mimi nakaa mapokezi, na ulimi wangu ni mkali. Nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine.

Nyumba yetu ya wageni ina vyumba kumi na viwili. Mwenye nyumba aliwahi kuwa mtunza stoo jeshini, hamwamini mtu hata akiwa amelala, kwa hiyo kila kitu cha chumba amekipiga namba ya chumba kwa rangi nyekundu. Chumba cha tisa kina ufunguo tisa, kikombe tisa, ndoo tisa, kiti tisa, blanketi tisa. Hata paka aliyejizoesha kulala mlangoni pale tulimwita Tisa Mdogo. Mfagiaji akipiga kelele ngazini, "Jamani, Tisa kavunjika mguu!" sote tulijua ni kiti, na Tisa mwenyewe, yaani mtu, alichungulia mlangoni akasema, "Yangu bado miwili, nimeihesabu."

Alikuwa fundi saa. Alikuja kwa wiki moja, akakaa miaka kumi na moja. Mimi nilipoanza kazi nilimkuta ameshakuwa Tisa, nami sikuhangaika kuuliza zaidi. Miaka kumi nimempokea ufunguo, nimemchemshia maji alipougua, nimemfokea kwa kuacha bomba wazi, na jina lake silijui. Loh! Ukimfuga kuku unampa jina.

Meza yake ilikuwa dirishani. Alibana kioo cha kukuzia jichoni, akashika skrubu ndogo kama mbegu za mchicha, na saa iliyokufa miaka ikaanza kutembea. Kila asubuhi, akishuka, aliniuliza swali lile lile.

"Binti, hakuna aliyeniulizia?"

"Hakuna, mzee. Nani akuulizie wewe, umekuwa waziri?"

Alicheka, akaenda zake. Nilidhani anangoja wateja wa saa.

Siku yenyewe ilikuwa ya mvua, na mimi nilikuwa nimewaka. Dobi ameleta mashuka kumi na moja, nami nilimpa kumi na mawili. Lililokosekana ni la tisa. Dobi anaapa hakulipokea, mimi namwambia macho yake yameingia sabuni. Katikati ya zogo hilo akaingia mwanamke mwenye mwavuli wa kijani, viatu vimelowa chepechepe.

"Samahani dada, namtafuta baba yangu. Ameniandikia barua kwamba anakaa nyumba ya wageni mtaa huu." Akataja majina matatu. La katikati lilikuwa geni kwangu, nusura nicheke.

"Hapa hayupo mtu wa jina hilo."

"Tafadhali, niangalizie kitabuni. Hii ni nyumba ya tano naulizia."

Kitabu cha zamani cha wageni kilikuwa kabatini, nyuma yangu. Hatua tatu. Hatua tatu tu, jamani.

"Dada, nimeshasema hayupo. Wageni wangu nawajua wote."

Hakubishana. Aliandika namba yake ya simu kwenye kipande cha karatasi, akaniomba nimpigie kama nitasikia lolote, akatoka mvuani. Juu yetu Tisa alikuwa akikohoa kikohozi chake cha kila siku, na yule mwanamke alipita chini ya kikohozi hicho akaenda. Mimi nikamgeukia dobi. Aliniambia nimwandikie orodha ya mashuka, nisije nikamgeuka tena. Nikachukua karatasi ile ile iliyokuwa mbele yangu, nikaandika nyuma yake "kumi na mawili" kwa herufi kubwa za hasira, nikampa.

Shuka tulilikuta wiki iliyofuata chini ya kitanda cha Tisa, paka amelilalia. Dobi sikumwomba radhi.

Miezi ikapita. Tisa akaanza kudondosha skrubu, akaanza kumimina chai pembeni ya kikombe. Nikamtania kwamba anazeeka vibaya. Ngazi akawa anashuka kwa kupapasa ukuta. Asubuhi moja alininyooshea ufunguo, lakini aliunyoosha upande wa dirisha, ambako hapakuwa na mtu, akauliza, "Binti, hakuna aliyeniulizia?" Nikamshika mkono, nikampeleka hospitali.

Karani wa hospitali akauliza, "Jina la mgonjwa?"

"Tisa," nikasema.

"Jina, mama. Sikukuuliza namba ya kitanda."

Mzee akajitajia mwenyewe. Majina matatu. Lile la katikati liliponifikia sikioni, nilikaa chini, pale pale kwenye foleni, watu wakadhani mgonjwa ni mimi.

Daktari alisema ni presha ya macho. "Mngemleta miezi sita, saba iliyopita, tungeyaokoa. Sasa hivi hayarudi." Nilihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wangu. Tangu mwavuli wa kijani ilikuwa miezi saba na siku kadhaa.

Njiani kurudi nilitaka kumwambia. Badala yake nikawa namwonya mashimo ya barabarani. Nilimfikisha chumbani, nikakimbia kwa dobi nikiwa na kandambili.

"Karatasi zangu unatupa?"

"Na mdomo ule wako? Nitupe ushahidi?" Akanionyesha waya ukutani, karatasi zimetungwa kama samaki wa kukaushwa. "Tafuta. Ya siku uliyoniita mwizi iko chini huko."

Niliipata. Namba ilikuwa imefifia kidogo lakini ilisomeka. Nikapiga nikiwa nimesimama kati ya mabeseni, na sauti yangu mwenyewe sikuitambua.

Alifika kesho yake mchana. Alinitazama sana pale mapokezi.

"Si ulisema unawajua wote?"

Nikamtangulia ngazini, nikabisha mlango wa tisa. Mzee alikuwa kwenye kiti tisa, kikombe tisa mkononi, uso dirishani kama kawaida yake.

"Baba," mwanamke akasema.

Kikombe kikaanguka, kikavunjika. Walishikana, wakalia, wakaombana radhi kwa maneno waliyotupiana siku ya kumzika mama wa yule binti, ambayo mimi hayanihusu. Kisha mzee akampapasa uso kwa vile vidole vyake vya skrubu, polepole, kila mahali. Akatikisa kichwa.

"Vidole havinitoshi. Binti wa mapokezi, upo?"

"Nipo, mzee."

"Wewe unaona. Niambie, mwanangu amekuwaje?"

Nikaanza. Nikamwambia ana paji pana kama lake. Ana mvi mbili tatu hapa pembeni. Nyusi zake ni nzito, zinakaribia kukutana. Hapo nikakwama, machozi yananitoka, nikaona nisiposema leo sitasema kamwe.

"Mzee, alikuja wakati wa mvua. Ulikuwa bado unaona. Alinitajia jina lako, nikamwambia hayupo. Sikuinuka hata kuangalia kitabu."

Binti yake alitazama chini, kwenye vipande vya kikombe. Mzee hakuuondoa mkono wake shavuni kwa mwanawe.

"Endelea," akasema. "Ulikuwa umefika kwenye nyusi."