Turubai la Euro Kumi na Mbili

Turubai lile lilinitia kinyaa tangu siku niliyolinunua. Lilikuwa la kijivu, linanata mkononi, na lilinuka kama ndoo mpya iliyosahauliwa samaki ndani yake. Nililipa huku nimekunja pua. Muuzaji, mzee mmoja wa kwetu, papa kama tunavyowaita, mwenye duka la masanduku, mabeseni na mapazia katika barabara ya Chaussée de Wavre huku Ulaya, hakuijali pua yangu.

"Maman, hii njo bâche ya moto," alisema, maana kwetu turubai ni bâche na pikipiki ni moto. "Mvua ya hapa inyeshe mwaka muzima, hata tone moja haitaingia. Bon, juu uko dada ya Katanga, leta douze euros tu."

"Lakini hapa baliandika salon de jardin," nilimwambia, zile euro kumi na mbili zikiwa bado mkononi. Picha kwenye pakiti ilionyesha meza na viti vinne vya bustani.

"Alors? Moto nayo si inalalaka inje?"

Asubuhi ile ile nilikuwa nimetoka kwenye duka la pikipiki la Wazungu. Mwenye duka alinitandazia kifuniko cha kitambaa kizito, chenye matundu ya hewa pembeni, bitana laini isiyokwaruza rangi, na chini kipande kinachovumilia joto la bomba la moshi. Bei yake euro sitini na tano. Alinieleza kwa subira kwamba kinachoua pikipiki ni unyevu unaofungiwa ndani kuliko hata mvua, na kwamba nisije nikaifunika ikiwa imelowa. Nilimshukuru, nikatoka, nikasonya. Mzungu, nilijisemea, hata pikipiki anataka ipumue.

Pikipiki yenyewe ilikuwa ya mume wangu. Aliinunua kuukuu, miaka ile tulipokuwa bado tunapiga simu Lubumbashi kwa kadi za kukwangua, akaitengeneza mwenyewe Jumamosi baada ya Jumamosi mbele ya jengo letu mtaani Evere. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba. Siku moja ngazi iliteleza, akaanguka, goti likavunjika vipande vipande. Alipozinduka baada ya kupasuliwa, maneno yake ya kwanza yenye akili yalikuwa, "Moto iko wapi? Uifunike. Nikitoka huku naipanda." Alinituma ufunguo wake, nikamletea, akaulaza chini ya mto.

Siku hiyo hiyo daktari aliniita kwenye korido, maana mgonjwa alikuwa bado amelewa dawa. Alisema goti halitakunjika tena vya kutosha. Kutembea atatembea, kwa mkongojo, ila pikipiki aisahau. Nilimsihi asimwambie mpaka apate nguvu. Akajibu kwamba akiulizwa hatadanganya. Basi kazi yangu ikawa kuhakikisha haulizi. "Docteur anasema polepole, itaenda," nilimtangulia kila alipofungua kinywa. Kwetu mgonjwa hapewi habari mbaya, anapewa uji kwanza. Uji wenyewe niliurefusha miezi minne. Najua wanavyosema, mficha maradhi kilio humfichua, lakini nilidhani msemo huo unawahusu watu wengine.

Niliifunika pikipiki jioni ya kulinunua turubai, mvua ikiwa imekatika muda si mrefu. Sikuifuta. Mikono yangu ilifanya ilivyofunzwa nyumbani. Mama yangu hakuwahi kubandua nailoni ya makochi. Redio aliifunika kitambaa cha kufuma, na baiskeli ya baba aliivika magunia yaliyofungwa kwa mipira ya kukata kwenye matairi. Vumbi jekundu la Lubumbashi linaingia hata kwenye mdomo uliofungwa, kwa hiyo anayependa kitu chake anakifunga. Nami nililivuta turubai hadi chini, nikakaza kamba mizunguko sita, nikaziba kila upenyo. Nilirudi nyuma nikaliangalia. Lilinichukiza, lakini nilijiona mke mwema.

Kuanzia hapo likawa aibu ya mtaa. Tulikaa ghorofa ya chini, dirisha la jikoni linatazama pale pale. Kila asubuhi, nikiwa na kikombe cha chai mkononi, nilimwona mbwa wa jirani akiinua mguu juu ya turubai, na mwenye mbwa akitazama mawingu. Watu waliweka juu yake makopo ya bia na masanduku ya chakula yenye mabaki ya mchuzi. Maji yalituama kwenye bonde la kiti, majani yakaozea humo, yakawa uji mweusi. Nikipita karibu nilishika pumzi. Sikulifunua hata mara moja.

"Moto iko namna gani?" aliniuliza kila Jumapili nilipompelekea samaki wa kuchoma hospitalini.

"Iko muzuri. Niliifunika."

"Unaiangaliaka?"

"Kila siku." Na kwa kweli niliiangalia, kupitia kioo cha dirisha.

Kinachonikera zaidi ni kwamba kazi yangu mimi ni kuhudumia wazee, katika nyumba yao moja huko Woluwe. Kila siku nawageuza vitandani, nawafuta mikunjo ya ngozi, nawaambia wafanyakazi wapya kwamba mwili uliofungiwa kwenye plastiki na jasho lake huoza ukiwa hai. Nalisema hilo kwa ukali, kidole juu. Kisha narudi nyumbani na kupita mbele ya turubai lile.

Alitoka hospitali majira ya machipuo. Hakutaka hata kuingia ndani. Alishuka kwenye teksi na mkongojo wake, akaenda moja kwa moja kwenye pikipiki. "Fungua," alisema. Kamba zilikuwa zimevimba kwa maji, nikazikata kwa kisu cha jikoni.

Harufu ilitoka kwanza, ya tambara la deki, mkojo na chuma. Niligeuka pembeni. Kiti kilikuwa kimeota ukungu wa kijani wenye manyoya. Mnyororo ulikuwa mwekundu kama udongo wa kwetu. Karibu na bomba la moshi turubai lilikuwa limegandana na chuma, nikavuta, likachunika na rangi. Konokono wawili wasio na nyumba walikuwa wamejibandika kwenye tangi, wanene, wanang'aa, wameacha njia zao za makamasi hadi kwenye usukani. Niliwachukia konokono, nilimchukia mbwa wa jirani, nilimchukia papa wa Chaussée de Wavre na masanduku yake. Nilitafuta mtu wa kumlaumu mtaa mzima.

Mume wangu hakupiga kelele. Aliwaondoa konokono kwa vidole, mmoja mmoja, akajifuta kwenye suruali. Kisha akauliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Hii bâche, ulilipa ngapi?"

"Douze."

"Haikukuwa ingine?"

"Ilikuwa ya soixante-cinq." Zile sitini na tano za Mzungu. "Kwa batu ba moto."

"Feza ulikuwa nayo?"

Ningeweza kusema hapana. Tayari mdomo ulikuwa umezoea. Lakini uvundo ulikuwa umenijaa puani, nikashindwa.

"Nilikuwa nayo."

Aliliangalia turubai mikononi mwangu, kisha goti lake.

"Weye hauko muchoyo," alisema. "Kila dimanche uliniletea samaki ya kuchoma, tena ile ya bei. Viatu ulininunulia ni ya ngozi. Kitu yangu hata moya haujanunuaka ya bovyo." Aliegemea mkongojo. "Donc ulijua sitaipanda tena."

Nilisimama na turubai langu, maji yake meusi yakinidondokea viatuni.

"Nilijua," nilisema.

Aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo aliolala nao chini ya mto miezi minne, akanipa. Niliupokea kwa mkono unaonuka.