Doa jeusi kwenye sanda ya mama mkwe

Admin, ukiiweka hii usiandike hata herufi moja ya jina langu, hapa Palma tunajuana wote. Nina miaka ishirini na sita, mume na mtoto mmoja, naishi na mama mkwe.

Mama ana kasha la mbao alilotengenezewa na marehemu baba mkwe. Tulipokimbia vita, jirani alituhifadhia, ndicho kitu pekee cha nyumba yetu ya zamani kilichobaki. Sasa mume wangu alikuwa anarudi kutoka kazini mjini Pemba, nikataka kujipaka msiro, ule mti tunaousaga kwa maji jiweni, anikute uso unang'aa. Kwa uvivu wangu, badala ya kukaa chini kama watu, nikaweka jiwe la kusagia juu ya kasha. Nilipoliinua, mikwaruzo mitupu!

Niliogopa, jamani. Nikasugua kwa korosho, midogo ikafifia, mirefu ikagoma. Nikapaka machicha ya kahawa, wapi! Mwishowe nikachukua graxa nyeusi ya viatu vya mume wangu, nikaichanganya na mafuta ya nazi, nikapaka. Kasha likapendeza, nikajiona fundi.

Mama ameshajiwekea sanda yake, kama wazee wengi wa huku, na huwa anaitoa kuianika. Ijumaa aliianua, akaitandaza juu ya kasha ili aikunje. Alipoinyanyua, ina doa jeusi kama kiganja. Alikaa kitako akasema, "Nishaitwa miye. Mwambieni mwanangu aje tuagane."

Tangu hapo chakula hagusi. Anaita majirani awaombe radhi. Mume wangu amefika, analia waziwazi. Nilijikaza nikamwambia, "Mama, labda ni uchafu tu." Akanijibu, "Uchafu utoke wapi, mwanangu, na kasha walifuta wewe kila siku?"

Mke wa kwanza wa mume wangu alirudishwa kwao kwa sababu ya uongo, na Mama ndiye aliyesema hakai nyumba moja na mwongo. Mtoto wa yule mke alibaki hapa. Nikimtazama wangu, naogopa kusema ukweli.

Leo asubuhi Mama amenishika mkono, mkono wenyewe umekuwa mwepesi mno, akasema, "Nikifa unioshe wewe, asinishike mwingine. Na kasha ni lako."

Nishaurini, ndugu zangu. Uji wake uko jikoni unapoa, nikiingia nao chumbani nianze na neno gani?