Kulasi ya Mama Germaine

Ukimuuliza Soudi, fundi wa injini wa mtaa wa Mikelenge, ni kiasi gani cha chuma kinachoweza kuparwa kwenye kulasi, usitegemee jibu la haraka. Kwanza atakuomba ukae. Kisha atakutazama kana kwamba umemuulizia siri ya familia yake. Kulasi ni ule mfuniko mzito unaofunga injini kwa juu. Injini ikichemka kupita kiasi, mfuniko hupinda, na moshi na maji huanza kuvujia pasipofaa. Soudi huusawazisha kwa mkono: hutandika msasa juu ya kioo kinene, akausugua mfuniko hapo polepole mpaka unyooke. Ameifanya kazi hiyo tangu enzi zake kwenye karakana ya reli, na hakuna fundi aliyewahi kumshawishi kwamba anakosea. Ubishi anao, tusifichane.

Alichofundishwa karakanani kilikuwa kifupi. Kwa injini ya mazutu, yaani dizeli, toa sehemu tatu za kumi za milimita, basi. Ukizidisha, valvu zinasogea karibu mno na pistoni, na siku moja vitagongana. Kwa Soudi hesabu hiyo haikuwa na mjadala.

Ikaja vita. Mwaka 2002 mji ulizingirwa. Treni haikuja, mashamba hayakufikika, vipuri vikawa hadithi. Ng'ambo ya mto, Alunguli, mashine ya kusaga iliyobaki hai mtaani ilikuwa moja tu, ya Mama Germaine, mjane mwenye sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi. Mazutu hayakuwepo, kwa hiyo aliilisha injini mafuta ya mawese yaliyopashwa moto. Injini ilikubali, ila ilichemka vibaya, na kulasi ikapinda. Soudi akaisawazisha. Ikapinda tena, akaisawazisha tena. Watu walisaga chochote walichokuwa nacho, hata mahindi ya mbegu, hata maganda makavu ya ndizi. Vinu vilikuwepo, lakini mikono iliyoshinda njaa siku mbili haina nguvu ya kutwanga.

Mara ya tatu Soudi alivuka mto, akapima kwanza, kwa namna yake. Alibandika donge la bugali juu ya pistoni, akafunga kulasi, akaizungusha injini kwa mkono, kisha akafungua. Valvu ilikuwa imelikandamiza lile donge mpaka likawa jembamba kama karatasi. Mama Germaine alilitazama, limejaa grisi, halifai tena kuliwa.

"Chuma kimeisha, mama," Soudi alisema. "Nikipara tena, itavunjika."

"Itavunjika siku gani, papa Soudi?"

"Sijui. Lakini itavunjika."

"Kule nje bantu banangojea na vitunga. Niwaambie nini?"

"Uwaambie ukweli. Hii kulasi imekufa, njo vile."

Mama Germaine aliifunga katika kitenge chake, akaipeleka kwa Djuma, fundi wa baiskeli ambaye hata rula ya chuma hakuwa nayo. Djuma akaisugua kwa jiwe la kunolea na kwa imani. Soudi aliposikia alicheka sana, akasema haitamaliza juma.

Ilisaga miezi mitatu. Njia zilipofunguka ikasaga siku chache zaidi, kisha valvu ikapiga pistoni, injini ikapasuka na kufa kabisa. Soudi alikuwa amesema kweli. Alikuwa amesema kweli, na mtaa mzima ulikuwa umekula bila yeye. Jambo hilo lilimuuma, na mpaka leo linamuuma. Mama Germaine aliendelea kumsalimia vizuri hadi alipofariki, ila hakumletea tena hata parafujo moja.

Mwezi uliopita Elodie, binti wa Mama Germaine, alivuka mto na kulasi ndani ya gunia. Naye sasa ana mashine yake ya kusaga. Soudi aliifuta, akaiwekea rula, akapima unene pande zote nne. Ilikuwa imeshaparwa mpaka mwisho wake. Kuikatalia nyumba ileile mara ya pili! Alitamani kwa moyo wake wote kusema ndiyo.

"Najua utakataa," Elodie alisema. "Mama alinionya."

"Unataka ifanye kazi siku ngapi?"

Elodie alishangaa. "Namna gani siku ngapi, papa? Hii njo maisha yangu. Miaka."

"Na ingine mupya, unaweza kuipata?"

"Iko Goma. Ndege itaileta kisha siku kumi."

"Basi hapana. Ungojee hizo siku kumi."

Elodie akaanza kuirudisha kulasi kwenye gunia. Soudi akamshika mkono.

"Mama yako sikumuuliza," alisema. "Alihitaji miezi mitatu tu. Ningemuuliza, ningemufanyia. Nilipima chuma, yeye sikumuuliza kitu. Unisamehe kwa niaba yake."

Elodie aliketi kwenye benchi, gunia mapajani.

"Hakukuchukia, papa," alisema. "Alikuwa anasema kila siku: kama ungekuwa mukono wa Soudi, ile mashine ingekuwa inasaga mpaka leo."

Kisha akamwomba amwandikie vipimo vya kulasi mpya, ili huko Goma wasimpe isiyo yake. Soudi aligeukia ukutani kutafuta kalamu, akaitafuta muda mrefu, ingawa ilikuwa mfukoni mwa shati lake.