Siku Vidudu vya Ziwani Vilipoongoza Wanafunzi Wangu

Mkinikuta mjini mkanicheka, chekeni tu, nimeshazoea. Juzi mama mmoja anayeuza dagaa wa omena sokoni aliniangalia, akamgusa mwenzake kwa kiwiko, halafu wote wawili wakaanza kujipepea usoni kama vichaa huku wakivunjika mbavu, nikajua video imefika hadi kule. Wacha basi niwaeleze mwenyewe ilivyokuwa, kwa sababu mliyoiona nyinyi ni kipande tu, na aibu yangu ilikuwa ndefu kuliko hicho kipande.

Mimi hufundisha watoto fidla hapa Kisumu (ndiyo, fidla, ile ya kubanwa kwa kidevu, na tafadhali msiniulize tena kama naweza kuja kupiga harusini kwenu). Mtoto akimaliza ngazi moja ya masomo, tunamrekodi akipiga wimbo wa mwisho wa ngazi hiyo, na rekodi inatumwa Nairobi kwa watahini. Masharti yao ni machache lakini ni makali: arekodiwe kwa mkupuo mmoja bila kukatwakatwa, mikono yake ionekane, na sauti ya mwalimu isisikike kamwe. Hilo la sauti ndilo lililonishinda, maana mimi ni mtu wa mdomo. Kuna mwanafunzi wangu anaitwa Hawi, msichana wa miaka tisa, mpole, mwenye vidole vyepesi ajabu, rekodi yake ilirudishwa mara mbili, na makosa hayakuwa yake, yalikuwa yangu. Mara ya kwanza nilipaza sauti "Kiwiko!" katikati ya wimbo. Mara ya pili nilijikaza, nikajikaza, mpaka noti ya mwisho kabisa, halafu nikasema "Asante Yesu!" kabla upinde haujatoka kwenye nyuzi.

Baba yake akaja kuniona. Baba Hawi ni mwanamume mrefu, mhasibu, haongei sana, na tangu mwanzo muziki alikuwa akiuona mchezo tu.

"Mwalimu, mimi sina ubaya na wewe," akasema, "lakini huyu mtoto amekwama hapo hapo. Hii ya tatu ikirudi, Saturday anaenda tuition ya hesabu. Hiyo fidla tutapatia mtu mwingine."

Hawi alikuwa amesimama pale pale, ameikumbatia fidla yake, machozi yanamlengalenga. Nilijisikia vibaya sana, jamani. Mtoto anaondolewa kitu anachokipenda kwa sababu ya mdomo wa mtu mzima.

Ndipo nikafanya ule uamuzi mdogo ulionimaliza. Nikasema, kama sauti imekatazwa, nitawafundisha kwa ishara. Nikigusa pua, anza upya kutoka mwanzo. Nikishika sikio, punguza sauti. Nikipunga mkono mbele ya uso, ongeza mwendo. Nikipiga makofi, umemaliza, inama. Nikawazoesha darasa zima, si Hawi peke yake, na wakazishika vizuri mno, wakawa wananitii kuliko wanavyowatii mama zao, nami nikajipongeza kwa akili yangu nyingi. Sikufikiria hata mara moja kwamba pua ni yangu na inaweza kuwa na shida zake.

Siku ya onyesho letu kwa wazazi tulikusanyika mtaa wa Milimani, kwenye veranda ya Mama Rohan, ambaye mwanawe pia namfundisha. Kiwanja chake ni kikubwa, kinateremka kuelekea ziwani, na alikuwa amepanga viti, samosa na juisi kama mtu anayeoza binti. Mpango wangu ulikuwa kwamba watoto wote wapige, halafu Hawi apige wa mwisho, peke yake, nami nimrekodi hapo hapo mbele ya wazazi, kwa sababu muda wa kutuma ulikuwa unakwisha. Nikaisimamisha taa yangu ya duara, ile nyeupe ya kurekodia, nikabana simu katikati yake, nikasimama bega kwa bega na hiyo taa ili Hawi anione vizuri.

Jua lilikuwa linatua. Mama Rohan akanijia polepole.

"Mwalimu, hiyo taa si tuzime kidogo? Ona kule majini, wadudu wanakuja."

Nikatazama. Kweli, juu ya ziwa kulikuwa na kitu kama moshi wa jikoni, kimeinuka, kinatembea. Mimi nimezaliwa hapa, najua moshi huo ni nini, kila mtu hapa anajua kwamba vile vidudu vya ziwani vikiona taa havina mjadala. Lakini nikamwambia, "Ni wimbo mmoja tu, Mama Rohan." Nikabonyeza kurekodi.

Hawi akaanza vizuri. Vidudu navyo vikafika, na katika veranda nzima vikachagua taa moja tu, iliyokuwa shavuni mwangu. Kimoja kikaingia puani moja kwa moja. Nikagusa pua.

Hawi akasimama. Akaanza upya kutoka mwanzo.

Hilo lingekuwa afadhali, lakini nyuma yake walikuwa wamekaa wenzake kumi na fidla mapajani, na wao pia wana macho. Wakainuka wote, kila mmoja akaanza wimbo wake mwenyewe kutoka mwanzo. Wallahi sijawahi kusikia kelele kama ile. Nikataka kupiga ukelele "Kaeni!" lakini simu ilikuwa inarekodi, na nikifungua mdomo, Hawi ameenda tuition. Nikafunga mdomo. Vidudu vikaingia machoni, nikapunga mkono mbele ya uso, na watoto wakaongeza mwendo. Nikapunga zaidi, wakakimbia zaidi, Rohan jasho linamtiririka, kamtoto kamoja kadogo kamefumba macho kanaburuta upinde kama msumeno. Kidudu kingine kikaingia sikioni, nikalishika, na wote kumi na mmoja wakaendelea kwa kasi ile ile lakini kwa kunong'ona. Nikajaribu kukiua kilichokuwa mbele ya uso wangu kwa viganja viwili, pa!

Wakanyamaza. Wakainama.

Wazazi wakapiga makofi, maskini, wakidhani ndivyo wimbo ulivyo. Nami nikiwa nimeduwaa hapo, pua ikaniwasha tena.

Walipoanza kwa mara ya tatu, nyanya yake Hawi, aliyekuja kutoka Asembo na nguo zake za kanisa, akainuka kwenye kiti mikono juu. "Yawa! Roho ameshuka juu ya Mwalimu!" Akaanza kuimba. Akina mama wawili wakamsaidia. Mimi katikati ninajipiga makofi usoni, nimefura mashavu kwa kuzuia kikohozi, machozi yananitoka, na kwa kweli hata mimi ningejiona hivyo ningeombewa.

Akili iliyobaki ikaniambia kitu kimoja tu: vidudu vinafuata taa, basi ondoa taa. Nikainyakua na mguu wake wa chuma, nikatimka nayo bustanini, na wingu lote nyuma yangu. Nikajikwaa kwenye mpira wa kumwagilia maua, nikaenda chini pamoja na taa, uso wangu katikati ya waridi za Mama Rohan. Taa ikazimika.

Nikiwa nimelala hapo nikasikia kumenyamaza kule verandani. Halafu fidla moja ikaanza.

Jamani, nilishtuka. Ilikuwa Hawi, peke yake, na hakukuwa na mtu wa kumgusia pua wala sikio. Alipiga wimbo ule taratibu, mahali pa kushuka akashuka, mahali ambapo kila siku nampigia kelele akapita kama maji, na alipofika mwisho akaacha noti ife yenyewe kabla hajainama. Nilikuwa nimemfundisha wimbo huo muda wote huo na sikuwa nimewahi kuusikia ukipigwa hivyo. Sijui kama nililia kwa furaha au kwa aibu.

Halafu nikaona simu imelala kando yangu kwenye nyasi, bado inarekodi. Mkupuo mmoja, bila kukatwa, wa pua yangu, mbio zangu na waridi.

Nikarudi verandani nywele zimejaa vidudu na majani. Nikasimama mbele ya Baba Hawi, nikamwambia kosa ni langu, mtoto amepiga vizuri kuliko siku zote na mimi sina rekodi. Yeye alikuwa anashuka kutoka juu ya kiti cha plastiki, viatu vyake vya ofisi na vyote, ameshika simu yake kwa mikono miwili.

"Iko hapa," akasema. "Mwanzo mpaka mwisho. Mikono yote inaonekana." Macho yake yalikuwa mekundu, akayafuta kwa mkono wa shati. "Ni hizi wadudu," akasema. Halafu akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni. "Lakini Mwalimu, niulize tu. Ile ngazi ingine, si pia uende nje?"

Hiyo ndiyo rekodi tuliyoituma, na Hawi alipita (video zile nyingine, za wazazi wengine, ndizo mlizoziona nyinyi). Mimi ishara nimeziacha, naapa. Siku hizi nikishabonyeza kurekodi natoka zangu, nashuka mpaka getini, nakaa na askari mpaka watoto wamalize, na yeye kila mara ananiuliza, "Kwani Mwalimu, wamekufukuza?"

Namjibu ndiyo, na walichelewa.