Nilimjibia Mdogo Wangu

Mdogo wangu ni fundi makochi, na mteja akiingia tu, yeye hujaza misumari mdomoni. Nani atamsemesha mtu mwenye misumari mdomoni? Basi kazi ya kusema ikawa yangu, na mimi kwa kusema sijambo. Mama yetu alipofariki, mdogo wangu alikibana kilio mpaka shingo ikakakamaa, chozi hakutoa. Kufa na tai shingoni ndiko huko.

Akatokea mwalimu wa chekechea. Kiti kimoja alikileta kutengenezwa mara nne. Kiti gani hicho, jamani? Hata kipofu angeona anachofuata. Mdogo wangu naye, kazi ya siku moja akaifanya siku tisa, na neno hatoi. Nikamgombeza wiki nzima mpaka akakubali kwenda kwa mshauri wa saikolojia. Akaenda kila Jumanne, miezi mitano, akifundishwa kutaja kilichomo moyoni: nina hofu, nimefurahi, nimeumia. Siku moja mshauri akaniita na mimi.

"Akinyamaza usimsaidie," aliniambia. "Mpe muda, hata dakika nzima."

Nikaitikia ndiyo, ndiyo, kabla hajamaliza.

Mwalimu akapata uhamisho. Ijumaa akaja kuchukua kiti na kuaga. Mdogo wangu akatema misumari kiganjani mbele ya mtu, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Mwalimu, mimi..." akasema, kisha kimya.

Jasho likamtoka puani. Mwalimu alisimama palepale, ameshika kiti, anamtazama, wala hakuwa na haraka. Mwenye haraka nilikuwa mimi. Nilimwonea huruma, nikaona mwanamume mzima anaadhirika. Mpaka leo najuta.

"Anakutakia safari njema, mwalimu," nikasema. "Na hicho kiti tumekikaza vizuri, hutahangaika kukirudisha tena."

Mwalimu akaendelea kumtazama kidogo, akashukuru, akaondoka na kiti chake.

Nilidhani mdogo wangu atashika nyundo aendelee na kazi. Badala yake akakaa sakafuni, kwenye vipande vya sponji. Nikamuuliza alitaka kusema nini. Akanyamaza, na safari hii nikangoja, nimeuma ulimi.

"Nina hasira na wewe, dada," akasema. Hakuinamisha uso. "Neno lilikuwa linakuja."