Harufu Niliyoiita Samaki

Wamama wenzangu, ninasema haya ili mtoto wa mtu apone. Mimi bado ninaona haya, lakini nitasema hivyohivyo.

Kabla mambo hayajaharibika tuliishi Lubumbashi, katika kambi ya wafanyakazi wa migodi. Mwanamke wa kambi alipimwa kwa usafi wake. Kulikuwa na bibi mmoja wa kampuni aliyepita nyumba kwa nyumba akikagua masufuria na masikio ya watoto, na kwangu hakuwahi kukunja uso. Nilijivuna, sitaficha. Halafu mishahara ikakatika, hospitali ya kampuni ikabaki vitanda tu, na mume wangu akaturudisha kijijini kwao Mitwaba tukalime mihogo.

Huko ndiko mguu wa Ilunga, mwanangu wa miaka saba, ulikoanza. Alilalamika kwamba mfupa wa chini ya goti unamchoma. Homa ikampanda. Mguu ukavimba, ukang'aa, ukapasuka, ukatoa usaha wa kijani. Majani tuliyobandika hayakusaidia kitu. Kidonda kikifunga huku, kinafunguka pale. Na kilinuka. Mungu anisamehe, nilikuwa nikigeuza uso nikimlisha.

Muuguzi alituambia tumpeleke Lubumbashi, kwa dokta wa mifupa. Tukapanda lori, juu ya magunia ya mahindi. Abiria wakaziba pua.

"Nini inanuka hivi?" mmoja akauliza.

"Njo samaki yangu, baba," nikajibu haraka, nikisingizia samaki ambaye sikuwa naye. "Munisamehe."

Ilunga aliniangalia, akaufunika mguu wake.

Mjini tulifikia kwa dada yangu, komini ya Kenya, mtaa wa hapo hapo Lubumbashi. Kabla ya kwenda hospitalini nilimsugua Ilunga kwa sabuni, nikakamua kidonda mpaka kikabaki kikavu, nikapaka poda, nikafunga kitambaa cheupe. Ningempelekaje mtoto mchafu kwa dokta mkubwa? Dokta akatazama, akatoa vidonge, akasema turudi baada ya mwezi. Tulirudi kutoka Mitwaba, tena na tena, na kila mara nilimwosha hivyo. "Inaendelea muzuri, mama," aliniambia. Nami nilifurahi kusifiwa, huku mguu wa mwanangu unaoza.

Safari ya mwisho lori lilikwama kwenye matope. Maji tuliyobeba tuliyanywa. Tulipoingia mjini ilikuwa siku ya dokta, na asubuhi ilikuwa imekwenda. Tukimkosa, tungesubiri mwezi mzima, na Ilunga alikuwa akitetemeka kwa homa. Tukaenda hospitalini moja kwa moja, bila kupita kwa dada kumwosha. Usaha ulikuwa umepita kitambaa, unatiririka mpaka kisigino. Kwenye benchi watu walisogea wakatuachia nafasi kama wakubwa. Nilitamani ardhi inimeze.

Dokta akafungua mlango, akasimama. "Nini inanuka?"

Kabla sijafungua mdomo, Ilunga akajibu: "Njo samaki ya mama."

Alisema kwa upole, ili kunisaidia. Nikalia mbele ya watu wote.

"Dokta, hakuna samaki. Njo muguu ya mutoto wangu. Kila mara nilikuwa naisafisha mbele ya kuja kwako."

Hakunikaripia. Alifungua kitambaa mwenyewe, akabonyeza, na kipande cha mfupa mweusi kikatokeza.

"Mama, ulikuwa unaniletea muguu ya kunawa," akasema. "Leo njo umeniletea ugonjwa yenyewe. Kama ungechelewa tena, tungeikata."

Walimpasua, wakatoa mfupa uliokufa. Alilala hospitalini muda mrefu, nami nilimbadilishia vitambaa bila kugeuza uso. Kidonda kikafunga, na safari hii hakikufunguka tena. Leo Ilunga ni baba wa watoto. Anachechemea kidogo, lakini miguu yake yote miwili iko chini yake. Ninamshukuru Mungu, na dokta yule, na yale matope.

Mukienda kwa dokta, wamama, muvalishe mtoto nguo safi mukitaka, lakini kidonda mukiache kama kilivyo. Na watu wakiziba pua, wazibe. Pua zao zitapona.

Ilunga hajawahi kunilaumu. Akija kunisalimu huniletea samaki, ananiwekea mezani huku anacheka: "Mama, hii sasa njo samaki ya kweli." Tunacheka wote. Halafu ninamchukua yule samaki, ninaingia jikoni, na ninakaa huko mpaka uso wangu ukauke.