Barua ya Mwalimu Rula

Mwalimu Rula alifundisha fizikia miaka thelathini na moja katika shule ileile. Jina hilo alipewa na wanafunzi, maana hakuchora mstari ubaoni bila rula. Kiingereza cha vitabuni alikielewa vizuri; kukiandika ndiko kulikomtoa jasho.

Kwa hiyo binti aliyekuwa mwanafunzi wake, sasa fundi wa mashine za hospitali, alipomwomba barua ya kumpendekeza chuo kikuu cha ng'ambo, alisita kukubali.

"Usijisumbue, Mwalimu," binti alisema. "Nitaiandika mwenyewe, wewe utie sahihi tu."

"Hapana, mwanangu. Siweki sahihi chini ya maneno ambayo sikuyasema."

Chuo kilipokea barua za lugha yoyote, mradi zitafsiriwe na mtafsiri aliyesajiliwa. Mwalimu akaandika kurasa mbili za Kiswahili, akampelekea mama mmoja mtafsiri, mwenye ofisi ya chumba kimoja juu ya duka la viatu.

Alipofika ukurasa wa pili, yule mama alivua miwani.

"Umeandika kwamba alikusahihisha mbele ya darasa, ukamfukuza wiki nzima, kumbe yeye ndiye aliyekuwa sahihi. Hii nayo ibaki? Inakushushia heshima."

"Ibaki."

"Na hii, kwamba hukuwahi kumwambia?"

"Hiyo pia. Wameuliza yeye ni mtu wa namna gani. Sina ushahidi mzuri kuliko huo."

Barua ilitumwa moja kwa moja chuoni, binti asiione.

Miezi mitatu baadaye alikuja nyumbani kwa mwalimu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Kwenye usaili waliniuliza kama bado nabishana na walimu. Nikajua umewaambia."

"Lilikuwa swali la mzigo unaoteleza mteremkoni," mwalimu alisema. "Nilisahau msuguano. Niligundua kesho yake, nikaona haya. Halafu mama yako akaja shuleni kukuombea msamaha, nami nikamkubalia."

"Mama alikufa akiamini nilikukosea adabu."

Mwalimu alitazama mikono yake. "Nisamehe, mwanangu."

Nje mtu alikuwa akipiga deki ngazi, maji yakichuruzika. Binti alifungua mkoba, akatoa barua ya chuo, ya Kiingereza.

"Wamenipokea. Naondoka mwezi wa tisa."

Mwalimu alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari, kikakwama katikati.

"Neno hili lina maana gani?"

Binti alisogeza kiti karibu, akamwambia.